Gundi ya Nyuki: Imeundwa na Nini, na Hutoka kwenye Mimea Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafugaji wa nyuki, warina asali na wanunuzi wa mazao ya nyuki katika mikoa ya Kusini, ambao wameanza kuulizwa na wateja juu ya gundi ya nyuki na wangependa kujibu kwa uhakika.

Gundi ya nyuki ni kitu gani?

Ni ile nyenzo ya kunata, ya rangi ya kahawia, nyeusi, nyekundu au kijani kutegemea mahali, ambayo mfugaji huikuta imeshikamanisha viunzi na kuta za mzinga. Kitaalamu huitwa propolisi. Nyuki huitumia kuziba nyufa, kupunguza upana wa mlango na kupaka kuta za ndani. Mjusi au panya akifia mzingani na wakashindwa kumtoa nje, humfunika kwa gundi hiyo hiyo ili mzoga wake usiozee ndani. Wapo wafugaji wanaoikwangua na kuitupa pamoja na masega makuukuu, jambo ambalo ni hasara kwao.

Je, nyuki huitengeneza wenyewe kama wanavyotengeneza nta?

Hapana. Nta hutoka kwenye tezi zilizo chini ya fumbatio la nyuki kibarua, ilhali msingi wa gundi ni utomvu ulioutoka mmea. Nyuki huukwangua utomvu huo kwa mataya yake kutoka kwenye matumba ya majani, kwenye majeraha ya gome au juu ya majani machanga, huukanda, kisha huupakia kwenye vikapu vya miguu ya nyuma, vile vile anavyobebea chavua. Kazi hii hufanywa zaidi saa za jua, wakati utomvu umelainika, na hufanywa na nyuki wachache tu katika kundi zima. Mbebaji akifika mzingani hawezi kujitua mzigo wake, kwa kuwa umemganda miguuni, hivyo husimama akisubiri wenzake waung'ate kidogo kidogo mpaka uishe.

Wakati wa kuitumia, nyuki huichanganya na nta, na mate yao huingia humo pia. Hata hivyo kemia ya utomvu, kwa sehemu kubwa, hubaki ile ile iliyokuwa kwenye mmea. Jambo hili ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata katika ukurasa huu: mti ukibadilika, gundi nayo hubadilika.

Ndani yake mna nini?

Hesabu inayonukuliwa sana ni hii: karibu asilimia 50 ni utomvu wa mimea, asilimia 30 ni nta, asilimia 10 ni mafuta yanayonukia, asilimia 5 ni chavua, na asilimia 5 zilizobaki ni mchanganyiko wa vitu vingine, yakiwemo madini na sukari kidogo. Hesabu hiyo ichukuliwe kuwa ya makadirio. Gundi iliyokwanguliwa kwa pupa kutoka kwenye viunzi huwa na nta nyingi kuliko hapo, na ile iliyokusanywa kwa wavu maalumu huwa na nta kidogo zaidi.

Kemia yenyewe imo ndani ya ile nusu ya utomvu. Wanakemia wamekwisha kutambua viambato zaidi ya 300 katika sampuli za gundi kutoka pande mbalimbali za dunia, lakini hakuna sampuli moja inayovibeba vyote. Viambato hivyo huangukia katika jamii chache kubwa. Jamii ya kwanza ni fenoli, ambamo hupatikana flavonoidi, asidi za fenoli na esta zake, na ndizo zinazosifiwa zaidi kwa kuua bakteria na kuvu. Jamii ya pili ni terpeni: zile nyepesi ndizo zinazoipa gundi harufu yake, na zile nzito, ziitwazo triterpeni, ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya gundi nyingi za kitropiki. Zipo pia lignani, stilbeni, benzofenoni na lipidi za fenoli zenye mkia mrefu wa kaboni, ambazo msomaji wa Mtwara atazikuta tena hapa chini, kwa sababu zinahusiana na korosho.

Kwa nini kila chapisho hutaja viambato tofauti?

Kwa sababu kila mwandishi anaeleza gundi ya kwao. Machapisho mengi ya zamani yametoka Ulaya, na huko nyuki huchukua utomvu kwenye matumba ya mipopla, hasa Populus nigra. Gundi ya mpopla imejaa flavonoidi kama krisini, galangini na pinosembrini, pamoja na esta za asidi ya kafeiki. Kaskazini mwa Urusi, ambako mibetula (Betula) ni mingi, nyuki hutumia matumba ya mibetula. Katika baadhi ya visiwa na pwani za Mediterania gundi ina diterpeni nyingi (terpeni za uzito wa kati) zinazotokana na miti ya jamii ya misonobari, hususan msaipresi.

Ukivuka kwenda nchi za joto, mambo hubadilika kabisa. Brazili kuna gundi ya kijani ambayo nyuki huipata kwa kutafuna vichomozo vichanga vya kichaka kiitwacho Baccharis dracunculifolia, na kiambato chake mashuhuri ni artepilini C, ambacho hakimo katika gundi ya mpopla. Watafiti wa huko waliigawa gundi ya nchi yao katika aina 12, kisha ikaongezwa ya 13, ile nyekundu ya mikoko ya jimbo la Alagoas. Hii ya 13 hutokana na utomvu mwekundu wa mmea Dalbergia ecastaphyllum, unaovuja kupitia matundu yaliyotobolewa na wadudu, nao una isoflavonoidi kama formononetini, vestitoli na medikapini. Kuba na Venezuela nyuki huchukua utomvu wa maua ya Clusia, wenye benzofenoni. Taiwan na Okinawa huchukua kwenye matunda ya Macaranga tanarius, na gundi yake ina flavanoni za aina ya pekee.

Jambo la kustaajabisha, na ambalo watafiti wa Bulgaria walilionyesha mwaka 1999 kwa kulinganisha sampuli za mabara mbalimbali, ni kwamba gundi hizi zenye kemia tofauti zote ziliweza kuzuia bakteria. Nyuki hafuati kiambato fulani kwa jina lake. Hutafuta utomvu wenye kunata na wenye kulinda, na kila nchi ina mti wake wa kutoa huduma hiyo.

Gundi ya Afrika ikoje?

Sampuli nyingi zilizochunguzwa kutoka Kameruni, Nijeria na Ethiopia zimeonyesha wingi wa triterpeni: lupeoli, amirini za alfa na beta, pamoja na zile za kundi la sikloatani kama asidi ya mangiferoniki, ambayo huelekeza kwenye mwembe na jamaa zake. Kenya zimepatikana lignani na stilbeni ambazo hazikuwa zimezoeleka katika gundi. Nijeria kuna gundi nyekundu yenye vestitoli na medikapini, sawa na ile ya Brazili. Afrika Kusini nako sampuli nyingi zina flavonoidi za aina ya Ulaya. Kwa hiyo kusema "gundi ya Kiafrika" bila kutaja mahali hakumsaidii mnunuzi hata kidogo.

Hapa kuna neno la kumwambia mfugaji anayerudishiwa sampuli yake kwa madai kwamba ni hafifu. Vipimo vingi vya ubora vilitungwa kwa kuangalia gundi ya mpopla, hivyo hupima jumla ya fenoli na jumla ya flavonoidi. Gundi yenye triterpeni nyingi itapata alama ndogo katika kipimo hicho hata ikiwa safi na yenye nguvu. Maabara inayojua kazi yake hutenganisha viambato kwanza kwa kromatografia na kuvitambua kwa spektrometa ya masi (kifaa kinachopima uzito wa molekuli), ndipo itoe hukumu.

Huku Mtwara na Lindi, nyuki huchukua utomvu kwenye miti gani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake hutofautiana kati ya mzinga wa Liwale ulioning'inizwa katikati ya miombo na mzinga wa Tandahimba uliozungukwa na mikorosho pande zote. Ifuatayo ni miti ambayo mchunguzi makini angeianza nayo, pamoja na sababu ya kufanya hivyo.

Mkorosho na mwembe ni wa jamii moja ya mimea, Anacardiaceae. Katika Thailand na Indonesia kuna gundi inayojulikana kuwa ya aina ya mwembe, yenye kadanoli, resosinoli zenye mkia mrefu na asidi za anakadiki (hizi tatu ndizo zile lipidi za fenoli zilizotajwa juu), pamoja na triterpeni za sikloatani. Hizo asidi za anakadiki na kadanoli ndizo hizo hizo zilizo kwenye mafuta ya ganda la korosho: ganda bichi lina asidi ya anakadiki kwa wingi, na joto la kukaangia huigeuza kuwa kadanoli. Mtu anayebangua korosho anayajua mafuta hayo kwa vidole vyake, maana huacha ngozi imebabuka na kuwa nyeusi, na ndiyo sababu wabanguaji hujipaka mafuta ya kula au majivu kabla ya kushika kisu. Utomvu unaochuruzika kwenye kikonyo cha embe bichi na kuunguza midomo ya watoto una viambato vya ukoo huo huo. Palipo na miembe na mikorosho mingi kiasi cha Newala, ni busara kuanza kuvitafuta viambato hivi kwenye sampuli.

Hapa pana kosa moja linalorudiwa sana. Ile gundi ya manjano inayoganda kwenye shina la mkorosho lililokatwa si lazima iwe ndiyo wanayoitafuta nyuki. Kwa sehemu kubwa ni sukari zilizoungana, huvimba na kuyeyuka katika maji, na kitu kinachoyeyuka kwa maji hakifai kuzuia mvua isiingie mzingani. Chukua kipande chake na kipande cha gundi ya nyuki, viweke katika vikombe viwili vya maji usiku kucha: asubuhi cha kwanza kitakuwa ute, cha pili kitakuwa kama kilivyowekwa.

Msandarusi, ambao kitaalamu ni Hymenaea verrucosa, ni mti wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Utomvu wake mgumu, sandarusi, ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani katika karne ya 19, ukipitia Unguja kwenda Marekani na Ulaya kutengenezewa vanishi. Sandarusi ina asidi za diterpeni. Mzinga uliowekwa karibu na msitu wenye misandarusi ukitoa gundi yenye diterpeni nyingi, hapo mchunguzi atakuwa na sababu nzuri ya kuuangalia mti huo kabla ya mwingine.

Katika miombo ya Nachingwea, Liwale na Nanyumbu ipo mininga, Pterocarpus angolensis, ambayo gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu wenye tanini nyingi. Upo pia mpingo, Dalbergia melanoxylon, ambao Kilwa inajulikana nao duniani. Wauzaji wengine, wakisikia kwamba gundi nyekundu ya Brazili hutoka kwenye Dalbergia, hukimbilia kusema kwamba gundi ya Kilwa ni hiyo hiyo kwa kuwa mpingo ni Dalbergia. Haifuati hivyo. Ujamaa wa mimea hutoa dalili ya pa kuanzia, wala hautoshi kuwa ushahidi, na mteja atakayepeleka sampuli maabara atamwaibisha muuzaji.

Je, rangi na harufu zinatosha kuonyesha asili yake?

Hazitoshi. Gundi hubadilika rangi kwa umri, joto na moshi, na gundi ya kijani ikikaa mzingani muda mrefu hugeuka kahawia. Harufu husaidia kidogo zaidi, kwa sababu mafuta mepesi ya mmea hubaki humo kwa muda, lakini nayo huruka.

Basi mtu atajuaje mti wenyewe?

Kwa ushahidi wa aina tatu ukiwekwa pamoja. Wa kwanza ni macho: kumkuta nyuki akikwangua utomvu kwenye mmea na kuupakia miguuni. Mzigo wa utomvu hung'aa na huonekana kama umelowa, tofauti na chavua ambayo ni kavu na ya ungaunga. Wa pili ni chavua na vipande vya majani vilivyonasa ndani ya gundi, ambavyo huonekana kwa hadubini, ingawa chavua huonyesha tu mimea iliyokuwa ikichanua wakati huo na huenda isiwe ndiyo iliyotoa utomvu. Wa tatu, na wenye uzito kuliko yote, ni kulinganisha kemia ya gundi na kemia ya utomvu wa mti unaoshukiwa, sampuli zote mbili zikichukuliwa sehemu moja na msimu mmoja. Hivyo ndivyo ulivyothibitishwa mpopla, ndivyo ilivyothibitishwa Baccharis.

Mfugaji anaweza kufanya sehemu yake bila maabara. Akiandika kijiji, tarehe, aina ya mzinga na miti yote yenye utomvu anayoiona kuzunguka mzinga, sampuli yake itakuwa na thamani kwa mtafiti kuliko kilo kumi zisizo na maelezo.

Je, nyuki wadogo wasiouma nao wana gundi?

Wanayo, tena wanaitegemea zaidi. Huchanganya utomvu na nta kujengea vyungu vya asali na ule mrija wa mlangoni, na baadhi ya jamii zao huchanganya hata udongo. Kwa sababu hiyo asali yao huwa na ladha ya utomvu. Gundi yao iuzwe kando, isichanganywe na ya nyuki wakubwa.

Je, dawa za mikorosho huingia kwenye gundi?

Zinaweza kuingia, na suala hili linapewa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Kuanzia miezi ya Mei na Juni mashamba ya Kusini hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiri unga, na hupuliziwa pia viuatilifu dhidi ya mbu wa mikorosho. Viuatilifu vingi hupenda mafuta, na gundi, kwa kuwa ni utomvu na nta, huvishika na kuvitunza kwa muda mrefu kuliko asali. Vumbi la salfa hunata juu ya kila kitu chenye ulimbo. Zaidi ya hayo, nyuki wakikosa utomvu huchukua kinachofanana nao: imewahi kuonekana katika nchi nyingine wakibeba rangi ya mafuta isiyokauka na lami ya barabarani. Mizinga inayokusudiwa kutoa gundi ya kuuza iwekwe mbali na mashamba yanayopuliziwa na mbali na ujenzi wa barabara, na misumari au viunzi vyenye rangi za risasi visitumike.

Je, inaponya?

Katika maabara, dondoo za gundi (gundi iliyoyeyushwa, kwa kawaida katika alkoholi) huzuia bakteria kadhaa, hasa wale wa aina ya Staphylococcus, pamoja na kuvu. Zipo pia dawa za kusukutua na marhamu ya vidonda vidogo vyenye gundi ya nyuki zinazouzwa katika nchi nyingi. Kutoka hapo hadi kudai kwamba inatibu kisukari, saratani au malaria ni safari ndefu, na anayeuza kwa madai hayo anamdhuru mgonjwa anayeacha dawa zake za hospitali. Aidha, matokeo ya gundi ya mpopla hayawezi kuhamishiwa kwenye gundi ya Masasi kwa sababu tu zote zinaitwa kwa jina moja.

Kwa nini baadhi ya watu huwashwa wakiigusa?

Katika gundi ya mpopla, wanaosababisha mzio ni hasa esta za asidi ya kafeiki, na wafugaji wa Ulaya hupata upele wa mikono kwa sababu hiyo. Katika gundi yenye asidi za anakadiki na resosinoli, ngozi inaweza kubabuka kama inavyobabuliwa na ganda la korosho. Mtu mwenye pumu, au aliyewahi kupata mzio wa mazao ya nyuki, asiimeze wala kuipaka bila ushauri wa daktari.

Ikusanywe na kuyeyushwa vipi?

Nyuki huacha nafasi ya kupita yenye upana wa milimita 6 hadi 9, na tundu lililo dogo kuliko hapo huliziba kwa gundi. Wavu wa plastiki wenye matundu membamba, ukiwekwa juu ya viunzi na mfuniko ukainuliwa kidogo ili mwanga na hewa vipenye, utajazwa. Wavu huo huwekwa kwenye friza saa chache, kwa kuwa chini ya nyuzi 15 gundi huwa ngumu na kukatika, kisha hukunjwa na kupigwapigwa juu ya karatasi safi. Huku kwetu, kwa joto la mchana, gundi hunata kisu na mikono, hivyo asiye na friza aifanye kazi hii alfajiri.

Gundi haiyeyuki vizuri katika maji. Hutumika alkoholi safi ya kunyweka, ya asilimia 70 kwa gundi yenye fenoli, na kali zaidi kwa ile yenye triterpeni nyingi, ambayo huacha sehemu kubwa chini ya chupa ikitumiwa alkoholi hafifu. Gongo ya mabibo haifai, kwa kuwa nguvu yake haijulikani na huweza kuwa na methanoli, na spiriti ya dukani ni sumu. Dondoo ihifadhiwe katika chupa ya rangi ya kahawia, na gundi ghafi iwekwe penye giza na ubaridi, si juu ya dari la bati.

Lebo iandikwe nini?

Iandikwe wilaya na kijiji, mwezi wa kuvuna, aina ya nyuki, uzito, namna ilivyokusanywa na, kwa dondoo, kiasi cha gundi na nguvu ya alkoholi. Jina la mti liandikwe tu pale maabara ilipolithibitisha. Vinginevyo itoshe kueleza mandhari, kwa mfano: "mizinga iliyo katika miombo ya Liwale" au "mizinga iliyo kati ya mikorosho na miembe, Newala". Alagoas walilipa jina la mahali uzito wa kisheria mwaka 2012, gundi yao nyekundu ilipotambuliwa kwa asili yake ya kijiografia, baada ya mmea wake kujulikana na kemia yake kuandikwa.